Kwa nini wanawake walidai kura? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hoja za wapigania haki ya kura

Kila uchaguzi ukikaribia, maswali kuhusu wanawake waliopigania kura huibuka upya: walisema nini hasa, walijibiwa nini, na je, hoja zao zote zilikuwa za haki? Majibu yafuatayo yanahusu zaidi Uingereza, Marekani na Nyuzilandi, ambako mabishano hayo yaliandikwa kwa kina tangu katikati ya karne ya 19. Mwishoni tunagusa Afrika Mashariki.

Hoja yao ya msingi ilikuwa ipi?

Kwamba mwanamke ni mtu mzima mwenye akili timamu, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kusikilizwa zinapotungwa sheria atakazolazimishwa kuzitii. Hoja nyingine nyingi ama zilizaliwa na hii, ama zilitafutwa baadaye kwa ajili ya wabunge ambao hii haikuwagusa.

Julai 19 na 20, 1848, katika mji mdogo wa Seneca Falls, jimbo la New York, wanawake na wanaume walikutana kujadili hali ya mwanamke. Elizabeth Cady Stanton na wenzake walikuwa wameandaa azimio lililofuata hatua kwa hatua Azimio la Uhuru la Marekani la 1776. Pale waasisi waliposema watu wote wameumbwa sawa, wao wakaandika kwamba wanaume wote na wanawake wote wameumbwa sawa. Pale waasisi walipoorodhesha dhuluma za mfalme wa Uingereza, wao wakaorodhesha dhuluma za mwanamume kwa mwanamke. Ulikuwa uamuzi wa busara sana, kwa sababu Mmarekani aliyetaka kuwapinga alilazimika kwanza kuyapinga maneno aliyofundishwa shuleni kuyaheshimu.

Katika maazimio yote ya mkutano ule, la kura ndilo pekee lililoshindwa kupita kwa kauli moja. Hata Lucretia Mott, mmoja wa walioitisha mkutano, alihofia kwamba lingewafanya wachekwe. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa kabla ya kutoroka na kuwa mhariri na msemaji maarufu, alisimama kulitetea, nalo likapita. Waliotia saini azimio zima walikuwa 100, wanawake 68 na wanaume 32.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1888, Kate Sheppard wa Nyuzilandi alichapisha karatasi yenye sababu kumi za wanawake kupewa kura. Sababu ya kwanza ilikuwa ileile: serikali ya kidemokrasia imekwisha kukubali kwamba kila mtu mzima asiye mhalifu wala mwendawazimu ana haki ya asili ya kuchangia sheria ambazo wote wanapaswa kuzitii. Mzigo wa kujieleza, kwa hiyo, ulikuwa wa wale waliotaka kumwondoa mwanamke katika hesabu hiyo.

Kodi iliingiaje katika madai yao?

Makoloni ya Marekani yaliasi Uingereza kwa madai kwamba hakuna haki ya kumtoza kodi mtu asiye na mwakilishi bungeni. Wanawake wenye mali walitozwa kodi bila kuulizwa jinsia yao, lakini siku ya kura waliambiwa wabaki nyumbani. Waliitumia hoja hii kwa maneno, kisha wakaitumia kwa vitendo.

Mwaka 1858 Lucy Stone, akiishi Orange, New Jersey, alikataa kulipa kodi ya nyumba, na vyombo vyake vikapigwa mnada. Mwaka 1874 huko Glastonbury, Connecticut, ndugu wawili wa kike, Abby na Julia Smith, wazee wenye zaidi ya miaka 70 kila mmoja, waligoma kulipa kodi ya mji mpaka waruhusiwe kupiga kura kwenye mikutano ya mji. Mkusanya kodi akaja akachukua ng'ombe wao saba. Magazeti yaliikamata habari hiyo, na ng'ombe wa akina Smith wakajulikana mbali kuliko wanasiasa wengi wa Connecticut. Julia hakuwa mtu wa kudharauliwa: aliitafsiri Biblia nzima peke yake kutoka lugha za asili na kuichapisha mwaka 1876. Huyo ndiye aliyeonekana hafai kupiga kura kuhusu matengenezo ya barabara inayopita mbele ya shamba lake.

Uingereza hoja ilikuwa na ncha kali zaidi, kwa kuwa huko kura ya mwanamume yenyewe ilitegemea mali. Waraka wa maombi wa 1866, uliotiwa saini na wanawake 1,499, ulisema wazi kwamba ikiwa mali ndiyo inayompa mtu kura, basi mwanamke mwenye mali hiyo anyimwe kwa msingi gani? Emily Davies na Elizabeth Garrett ndio walioupeleka Westminster, makao ya bunge. Inasimuliwa kwamba waraka ulikuwa mkubwa hata wakaona haya, wakamwomba mama mmoja muuza matofaa awafichie chini ya meza yake mpaka John Stuart Mill, mbunge aliyekubali kuuwasilisha, afike. Mwaka 1909 ikaundwa jumuiya maalumu ya kugomea kodi, na miongoni mwa waliopelekwa mahakamani na kunyang'anywa vito vyao alikuwamo Sophia Duleep Singh, binti wa mtawala wa mwisho wa Punjab na mtoto wa ubatizo wa Malkia Victoria.

Hoja ya kodi ina kasoro moja inayofaa kusemwa. Ilimsaidia mwanamke mwenye mali, ikamwacha mfuaji nguo na mtumishi wa ndani palepale walipokuwa. Wapo waliolitambua hilo tangu mwanzo.

Si baba na waume zao walikuwa wanawawakilisha?

Ndivyo walivyoambiwa, na pengine hili ndilo jibu walilolisikia mara nyingi kuliko lolote. Mwaka 1820 James Mill, mwanafalsafa aliyeheshimika, aliandika kwamba wanawake wanaweza kuachwa nje ya kura bila madhara kwa kuwa maslahi yao yamo ndani ya maslahi ya baba au waume zao. Mwaireland William Thompson, akisaidiwa mawazo na Anna Wheeler, alimjibu mwaka 1825 kwa kitabu kizima. Aliyekuja kuibomoa hoja ile bungeni alikuwa mtoto wa James Mill mwenyewe. Mei 20, 1867, John Stuart Mill alipendekeza katika mswada wa mageuzi ya uchaguzi neno "mwanamume" liondolewe na kuwekwa "mtu". Alishindwa kwa kura 73 dhidi ya 196, lakini swali likawa limeingia bungeni na halikutoka tena.

Wanawake walikuwa na majibu matatu. La kwanza ni rahisi: wajane na wasioolewa wanawakilishwa na nani? La pili lilihusu sheria yenyewe. Chini ya sheria ya kale ya Kiingereza, iliyovuka bahari mpaka Marekani, mke aliyeolewa hakuwa na nafsi ya kisheria. Yeye na mumewe walihesabiwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Mshahara wake, samani alizokuja nazo, hata watoto aliowazaa, vyote vilikuwa chini ya mamlaka ya mume. Uingereza ilianza kulegeza kifungo cha mali kwa sheria za 1870 na 1882. Frances Ellen Watkins Harper, mshairi na mhadhiri Mwafrika wa Marekani, aliueleza mkutano wa New York mwaka 1866 yaliyompata Ohio mumewe alipofariki na kuacha madeni. Vifaa vya shamba na vyombo vyake vya kazi vilichukuliwa vikalipe madeni ya marehemu, naye akaachiwa kioo cha kujitazamia. Angekufa yeye, alisema, mumewe asingeguswa hivyo.

Jibu la tatu lilikuwa changamoto: kama wanaume wanatuwakilisha, tuonyesheni sheria zenu. Sheria ya talaka ya Uingereza ya 1857 ilimruhusu mume kumwacha mkewe kwa uzinzi peke yake, lakini mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine kama ukatili au kutelekezwa. Wabunge waliodai kuwawakilisha wake zao waliiona sheria hiyo ni sawa kwa miaka 66. Ilirekebishwa mwaka 1923, miaka mitano baada ya wanawake kuanza kupiga kura, na mwaka 1925 sheria ya malezi ya watoto ikamweka mama sawa na baba mbele ya mahakama. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzito kuliko tarehe hizo katika mabishano yote haya.

Susan B. Anthony alishtakiwa kwa kosa gani?

Kwa kupiga kura. Novemba 5, 1872, huko Rochester, New York, Anthony, mmoja wa viongozi wa wapigania kura wa Marekani, na wanawake wengine walipiga kura katika uchaguzi wa rais. Hakufanya hivyo kwa ujeuri tu, alikuwa na hoja ya kikatiba. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1868, yalisema kila mtu aliyezaliwa au kupewa uraia nchini humo ni raia, na hakuna jimbo litakalopunguza haki za raia. Katika mihadhara yake kabla ya kesi, Anthony alizunguka akiuliza: je, wanawake ni watu? Akasema hadhani yupo atakayethubutu kujibu kwamba si watu. Basi kama ni watu ni raia, na raia anapiga kura.

Kesi ilisikilizwa Canandaigua mwezi Juni 1873. Jaji Ward Hunt hakuwaruhusu hata raia wa jopo la kuamua hatia (jury) kujadiliana. Aliwaagiza wamtie hatiani. Alipomuuliza mshtakiwa kama ana la kusema, alilijuta swali hilo, maana Anthony alizungumza na kuzungumza huku jaji akimwamuru aketi. Faini ilikuwa dola 100. Akasema hatalipa hata dola moja, na hakulipa.

Njia ya mahakama ilifungwa kabisa mwaka 1875 katika kesi ya Virginia Minor wa Missouri. Mahakama Kuu ya Marekani ilikiri kwamba wanawake ni raia, halafu ikasema uraia haubebi haki ya kura. Kuanzia hapo hapakuwa na njia ila jimbo kwa jimbo, au marekebisho mapya ya katiba.

Ni kweli walidai wanawake ni wema kuliko wanaume?

Wengi walidai hivyo, na hapa ndipo harakati ilipogawanyika kimawazo. Upande mmoja ulisema tupeni kura kwa sababu sisi ni sawa nanyi. Upande wa pili ukasema tupeni kura kwa sababu sisi ni tofauti nanyi, tutaleta usafi mnaoukosa. Mara nyingi mtu yuleyule alisema yote mawili katika hotuba moja.

Hoja ya tofauti ilishika sana kwa wapinga ulevi. Chama cha Wanawake Wakristo cha Kupinga Ulevi, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1874 na kuongozwa baadaye na Frances Willard, kilidai kura kama ulinzi wa nyumba. Mlevi hunywa mshahara, watoto hulala njaa, na mke hana namna ya kuizuia baa kufunguliwa mtaani kwake isipokuwa kwa kura. Mama ambaye asingekanyaga mkutano wa haki za wanawake aliielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa. Huko Nyuzilandi, tawi la chama hichohicho ndilo lililobeba kampeni ya Kate Sheppard.

Jane Addams, aliyeishi na kufanya kazi kati ya wahamiaji maskini wa Chicago katika kituo cha Hull House, aliiendeleza hoja hiyo kwa namna ninayoiona bora zaidi. Mwaka 1910 aliandika kwamba mama wa kijijini aliweza kuilinda familia yake kwa mikono yake mwenyewe: alifagia uwanja wake, alikamua ng'ombe wake, alichota maji kwenye kisima anachokijua. Mjini, maziwa yanatoka mbali, taka zinaondolewa na manispaa au haziondolewi, na bomba la majitaka la jengo zima likiziba, ufagio wa mtu mmoja hausaidii kitu. Homa ya matumbo inapoingia, itamuua mtoto wa nyumba safi na wa nyumba chafu vilevile. Kazi za mama zimehamia serikalini, na mama akitaka kuendelea kuzifanya hana budi kuifuata serikali kwa kura.

Hoja hii iliwafikia watu wengi, lakini ilikuja na gharama. Ukiomba haki yako kwa ahadi kwamba utakuwa mwema, umempa mwenzako ruhusa ya kukuuliza kesho kama ahadi umeitimiza. Hakuna mwanamume aliyeulizwa kama kura yake imepunguza ulevi.

Wanawake wa viwandani walikuwa na la kusema?

Walikuwa nalo, na walilisema kwa ufupi kuliko mabibi wa vikao vya chai. Mwaka 1901 wafanyakazi wa kike wa viwanda vya pamba vya Lancashire walipeleka bungeni maombi yenye saini 29,359, zilizokusanywa kwenye mageti ya viwanda na milango ya nyumba. Hoja yao ilikuwa ya kazi: bunge linapanga saa zetu, usalama wetu, na ajira zipi tuzuiwe kufanya, nasi hatuna hata mbunge mmoja anayetuogopa. Mfanyakazi wa kiume aliyepata kura alianza kusikilizwa na vyama, wa kike alibaki na chama cha wafanyakazi kisicho na nguvu bungeni.

New York, Machi 25, 1911, moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle. Watu 146 walikufa, 123 kati yao wanawake na wasichana, wengi wahamiaji Wayahudi na Waitaliano. Mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. Rose Schneiderman, mshona kofia aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi, aliihusisha misiba ya namna hiyo moja kwa moja na kura. Mwaka uliofuata aliwajibu wanasiasa waliodai kwamba kura ingewaondolea wanawake uzuri wao. Alisema wapo wanawake wanaosimama saa 13 au 14 katika mvuke na joto la viwanda vya kufulia, mikono ikiwa ndani ya wanga wa moto. Hao hawatapoteza uzuri zaidi kwa kutumbukiza karatasi sandukuni mara moja kwa mwaka.

Wapinzani walisema nini, na walijibiwaje?

Hoja iliyopendwa na wanaume wenye elimu ilikuwa ya nguvu: sheria husimama juu ya mabavu, mwanamke haendi vitani, basi asiamue mambo ya dola. Wanawake walijibu kwamba wazee, vilema na wanaume wagonjwa hawaendi vitani na bado wanapiga kura, na kwamba uzazi uliua wanawake wengi bila wao kuitwa mashujaa. Bango moja la Uingereza la 1912 lilimwonyesha mwanamke kama meya, muuguzi, mama, daktari na mfanyakazi wa kiwanda asiye na kura, na chini yake mwanamume mfungwa, mwendawazimu na mlevi asiyeipoteza kura yake. Leo linasomeka kama tusi kwa wagonjwa wa akili, na ni haki kulisema hilo, ingawa wakati wake lilieleweka mara moja.

Wengine walidai wanawake wenyewe hawataki. Si uongo mtupu: mwaka 1908 uliundwa Uingereza umoja wa wanawake wa kupinga kura ya wanawake, na mwandishi wa riwaya Mary Ward akiwa miongoni mwa viongozi. Malkia Victoria naye, mwanamke aliyekuwa mkuu wa dola kwa zaidi ya miaka 63, aliuchukia mjadala huu. Jibu lilikuwa kwamba asiyetaka kura hatalazimishwa kuitumia. Kisha Nyuzilandi ikamaliza ubishi: sheria ilipitishwa Septemba 19, 1893, uchaguzi ukafanyika Novemba 28, wiki kumi tu baadaye, na wanawake zaidi ya 90,000 wakajitokeza kupiga kura.

Palikuwa na madai mengine, kwamba siasa italeta ugomvi ndani ya ndoa, kwamba ubongo wa mwanamke utachoka, kwamba atapigia tu anayetakwa na mumewe. Mawili kati ya hayo hayawezi kuwa kweli kwa pamoja.

Dini ilitumikaje?

Pande zote mbili ziliitumia. Wahubiri wengi walinukuu Mtume Paulo kuhusu wanawake kunyamaza kanisani. Sarah Grimké, binti wa familia iliyomiliki watumwa South Carolina aliyeasi utumwa na kujiunga na Waquaker, dhehebu la Kikristo, aliwajibu mwaka 1838 kwa Biblia ileile: mwanamume na mwanamke wameumbwa kwa mfano wa Mungu, wote wana wajibu, na mwenye wajibu lazima awe na haki ya kuutimiza. Alisema haombi upendeleo kwa jinsia yake, anachotaka ni ndugu zake wanaume waondoe miguu yao shingoni mwa wanawake. Waquaker walikuwa wengi katika harakati, kwa sehemu kwa sababu kwao mwanamke aliruhusiwa kuhubiri.

Je, hoja zao zote zilikuwa za haki?

La. Jambo hili halifai kufichwa, na aliyewapenda wanawake hawa ana wajibu zaidi wa kulisema.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Marekebisho ya 15 ya mwaka 1870 yalizuia kumnyima mtu kura kwa rangi, yakakaa kimya kuhusu jinsia. Stanton na Anthony waliyapinga, na Stanton alitumia lugha ya dharau kwa wanaume weusi na wahamiaji, akiona uchungu kwamba hao wapate kura kabla ya wanawake wazungu wenye elimu. Mwaka 1869 harakati ikapasuka vyama viwili, Lucy Stone akibaki upande uliounga mkono marekebisho hayo, na vyama havikuungana mpaka 1890. Baadaye, kutafuta kura za wabunge wa Kusini, wako waliosema waziwazi kwamba kura ya mwanamke mzungu itaimarisha utawala wa wazungu. Belle Kearney wa Mississippi alilihubiri hilo katika mkutano mkuu wa taifa uliofanyika New Orleans mwaka 1903.

Wanawake weusi waliujua ukweli huo mapema. Katika hotuba ileile ya 1866, Harper aliwaambia wanawake wazungu: ninyi mnazungumzia haki, mimi nazungumzia dhuluma, kisha akaeleza anavyokataliwa kupanda gari la abiria Philadelphia. Hoja yake ilikuwa kwamba sote tumefungwa pamoja katika jamii moja, na jamii haiwezi kuwakanyaga wanyonge wake bila kujilaani yenyewe. Ida B. Wells, mwandishi aliyefichua mauaji ya watu weusi kwa magenge ya wazungu, alianzisha chama cha kura cha wanawake weusi Chicago mwaka 1913. Machi 3 mwaka huo alifika Washington kwenye maandamano makubwa, akaambiwa atembee nyuma pamoja na weusi wenzake. Alikataa. Maandamano yalipokuwa njiani alitokea katikati ya watazamaji na kujiunga na ujumbe wa Illinois, akatembea nao mpaka mwisho. Kwake kura ilikuwa silaha ya kuwaondoa madarakani masherifu (wakuu wa polisi wa wilaya) na majaji waliofumbia macho mauaji.

Marekebisho ya 19, yaliyozuia kumnyima mtu kura kwa jinsia, yalipoanza kutumika Agosti 1920, wanawake weusi wa Kusini walikuta vizuizi vilevile vilivyowazuia kaka zao. Wengi wao walipata kinga ya kweli kwa sheria ya haki za kura ya 1965.

Kuvunja madirisha nako kulikuwa hoja?

Emmeline Pankhurst, aliyeanzisha chama chake cha kudai kura Manchester mwaka 1903 chini ya wito wa vitendo badala ya maneno, na ambaye wafuasi wake walivunja madirisha, alisema ndiyo. Wabunge walikuwa wamesikiliza hoja kwa adabu tangu 1866 bila kutenda lolote. Wanaume, alikumbusha, hawakupata kura kwa adabu: kabla ya sheria ya 1832 palikuwa na ghasia Bristol, na ngome ya Nottingham ilichomwa moto. Februari 1912 waziri mmoja, Charles Hobhouse, alisema hadharani kwamba wanawake hawajaonyesha mwamko wa umma kama ule uliochoma Nottingham. Unaweza kufikiri walivyoipokea kauli hiyo.

Gerezani walidai kutambuliwa kuwa wafungwa wa kisiasa. Marion Wallace Dunlop alianza mgomo wa kula Julai 1909, na kufikia Septemba serikali ilianza kuwalisha wafungwa kwa nguvu, kwa mpira uliopitishwa puani au kooni. Emily Wilding Davison, mmoja wa wanaharakati hao, alifariki Juni 8, 1913, siku nne baada ya kugongwa na farasi wa mfalme kwenye mashindano ya Epsom. Millicent Fawcett, aliyeongoza chama kikubwa zaidi cha njia ya amani, aliamini fujo ziliwapa wabunge kisingizio. Wanahistoria bado wanabishana. Mimi naona kosa ni kuusimulia upande mmoja kana kwamba mwingine haukuwapo: chama cha Fawcett kilikuwa na matawi nchi nzima na kilijua kuhesabu kura za bunge, cha Pankhurst kilifanya nchi isiweze kulala.

Walipewa kura kama zawadi ya kazi waliyofanya katika Vita vya Kwanza vya Dunia?

Ndivyo inavyofundishwa mara nyingi, na viongozi wa wakati ule walisema hivyo. Septemba 30, 1918, Rais Woodrow Wilson aliliambia Baraza la Seneti kwamba Marekani imewafanya wanawake washirika katika vita hivi. Je, washirikishwe mateso na kazi tu, bila haki? Kabla ya hapo wanawake walikuwa wamesimama kimya langoni mwa Ikulu yake tangu Januari 1917 wakiwa na mabango yaliyomuuliza wangoje uhuru mpaka lini, na wengi walifungwa kwa kusimama huko. Walikuwa wakimrudishia maneno yake mwenyewe kuhusu kupigania demokrasia Ulaya.

Lakini angalia sheria ya Uingereza ya Februari 6, 1918. Ilimpa kura mwanamke mwenye umri wa miaka 30 au zaidi aliyetimiza sharti la mali, yeye au mumewe, hali mwanamume alipata akiwa na 21. Wasichana waliojaza mabomu viwandani mpaka ngozi ikageuka njano kwa kemikali walikuwa wengi wao chini ya miaka 30, na hawakupata kitu. Sababu ya umri ilikuwa hesabu: vita vilikuwa vimeua wanaume wengi, na wabunge hawakutaka wanawake wawe wengi kuliko wanaume katika daftari la wapiga kura. Usawa ulikuja Julai 2, 1928.

Ufaransa, ambako wanawake walifanya kazi za vita zilezile, haikuwapa kura mpaka 1944. Uswisi haikupigana vita, ikasubiri hadi 1971.

Hoja hizi zilifika Afrika Mashariki?

Zilifika, kwanza zikiwa na mipaka ya rangi. Mwaka 1917 wanawake wa kizungu mjini Nairobi waliunda jumuiya yao, na moja ya madai yake ya kwanza lilikuwa kura. Waliipata mwaka 1919, miaka tisa kabla ya wanawake wa Uingereza kupata usawa kamili. Mwanamke Mkikuyu au Mswahili aliyelimwa kodi ya kibanda hakuhesabiwa kabisa katika mjadala huo, ingawa hoja ya kodi bila uwakilishi ilikuwa yake kuliko ya mtu yeyote. Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa kwanza mwaka 1957, kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato, mali na kadhalika, na mtu mmoja aliweza kuwa na mpaka kura tatu. Wanawake wachache walivuka vizingiti hivyo.

Tanganyika, Bibi Titi Mohamed alikuwa akiongoza wanawake wa TANU tangu 1955, akipita kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam kuwaingiza chamani. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulipokuja, sharti la elimu, kipato au cheo liliwaacha nje wengi wa wanawake hao hao. Zanzibar, uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao. Wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza Januari 1961. Kongo ya Wabelgiji ilimpa kura kila mwanamume mtu mzima katika uchaguzi wa Mei 1960, na bunge lililopokea uhuru Juni 30 mwaka huo lilichaguliwa bila kura hata moja ya mwanamke.